Chongo Mlangoni

Jina lake halisi lilikuwa refu, la kigeni,
hatukuliweza. Tukamwita Chongo,
kwa lile jicho moja, na upanga uliopinda kama ndizi.

Chumbani kwa Bi Nyevu, Guraya,
dakika kumi kwa shilingi kumi,
na saa yake ya jikoni, yenye sura ya kuku,
haikujua huruma: ikilia, pedi chini,
hata adui akiwa amebakisha tone la damu.
Pazia la mlango lilikuwa leso kuukuu:
UTANGOJA SANA, MIMI NIMESHAPATA.
Tuliipita kila siku tukiinamisha vichwa.

Mimi na Jefwa tulikuwa na mkataba:
yeye mkono, mimi akili.
Kumi yangu ya viazi karai, kumi yake ya nauli,
kisha akavuka daraja la Nyali kwa miguu
akicheka peke yake.
Diski ikikwaruzika tuliisugua dawa ya meno
na chumba kizima kikanukia asubuhi.
Stima ikipotea kabla hatujahifadhi
tulianza upya, bila kutukana sana,
maana Bi Nyevu alikuwa akisikia.

Sehemu ya pili tuliimaliza siku ya mvua.
Chongo akafika kwenye lango jeusi,
akanyanyua mkono abishe hodi,
skrini ikazima.
Jefwa akasoma polepole: "Yaendelea."
"Lini?"
Bi Nyevu akasema: "Kumi nyengine."

Watengenezaji walisema mwaka ujao.
Kisha wakasema ule wa baada yake.
Kisha wakaomba radhi, wakatoa picha ya buti lake,
buti moja, sekunde nne,
nasi tukalitazama mara mia kwa bando la kukopa.
Tukasema wanaipika, isitoke mbichi.
Ukipenda, chongo huita kengeza.

Ndani ya kungoja huko
nikapata kazi Kilindini, kuhesabu makontena.
Nikaoa. Bi Nyevu akafunga chumba,
sasa auza vifuniko vya simu.
Mwanakheri akazaliwa, akang'oka meno, akaota mengine.
Jefwa akaenda Doha kulinda mlango wa hoteli,
yeye, mwenye mkono.
Na Chongo bado, kiganja juu, hajabisha.
Sijui kama bega humuuma.

Mwezi wa tano ikatoka.
Elfu kumi na moja, diski peke yake,
nayo haichezi kwenye mashine ya zamani. Yataka mpya,
na mpya ni kodi ya nyumba yangu Mshomoroni
miezi kumi na minne, bila tokeni.
Nimeziona mpya hizo zikishuka melini,
kontena zima, lakiri haijavunjwa.
Nikatia tiki, nikaenda kula mbaazi.

Mwanakheri alinikuta nikikokotoa
nyuma ya daftari lake.
"Hesabu ya nini hii, baba?"
"Ya kugawanya."
"Mbona hugawanyi?"

Ijumaa usiku Jefwa akapiga, kwa picha.
Ameinunua. Mashine na diski, mishahara mitatu.
Siku nne ameiweka kitandani juu ya sare yake
bila kuifungua.
"Siwezi peke yangu," akasema. "We ndo akili."
Akaiegemeza simu kwenye kopo la maziwa.
Skrini ndani ya skrini, ndogo kama stempu:
lango lile jeusi, mvua ile ile,
Chongo amezeeka kidogo, au ni taa.
Mkono ukashuka.

Bando likaisha.

Nilikaa gizani, simu ya moto kiganjani.
Duka la vocha lilikuwa wazi ng'ambo ya barabara.
Mfukoni, kumi tatu, za maziwa ya asubuhi.
Baadaye ukaingia ujumbe, maandishi matupu:
"Umeona nani kamfungulia?"

Kwa salio la mwisho nikaandika: Nimeona.
Nikafuta.
Nikaandika tena:
Nimeona, ndugu yangu. Endelea.